Kurudi mlimani kwa baiskeli baada ya kuumia: ujiandae barabarani Tanga, ndani ya nyumba au hukohuko Usambara?

Tanga tunanyonga baiskeli tangu utotoni, ila tunanyonga kwenye ardhi iliyolala. Kutoka Raskazone hadi Pongwe huwezi kupata mwinuko wa kukutesa kwa dakika kumi mfululizo. Ndiyo maana mtu wa hapa anayetamani kupanda Usambara kwa baiskeli ya gia ana kazi kubwa hata akiwa mzima. Akiwa ametoka kuvunjika mtulinga (mfupa wa mbele ya bega), kuteguka goti au kukaa na hogo (plasta ngumu ya kushikilia mfupa) mkononi, halafu akajaribu kurudi akajitonesha, kazi inakuwa mara mbili.

Wengi waliofikia hapo hukwama kati ya njia tatu. Wapo wanaoamini kwamba dawa ya baiskeli ni baiskeli: rudi barabarani taratibu, mwili utajikumbuka. Wapo wanaofuata ushauri wa hospitali, wajenge misuli kwanza nyumbani au jimu na baiskeli ije baadaye. Na wapo wanaosema mlima hufundishwa na mlima, kwa hiyo panda basi uende ukaanze na vipande vidogo. Njia zote tatu zimewahi kumfikisha mtu juu, na zote zimewahi kumrudisha mtu kitandani. Kinachoamua ni kilichoumia, na muda ulionao.

## Mlima gani hasa?

Kabla ya kulinganisha maandalizi, jua unajiandalia nini, maana "kupanda Usambara" ni safari mbili tofauti kabisa.

Ya kwanza ni Mombo hadi Lushoto. Ni lami, kilomita zipatazo 33, na unapanda karibu mita 1,000 hadi mji ulio kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukiigawanya sawasawa unapata mwinuko wa asilimia 3, namba inayodanganya, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi iko kati ya Mombo na Soni, penye kona juu ya kona na bonde pembeni. Ukishafika Soni, kipande cha kuelekea Lushoto ni cha huruma zaidi. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, safari nzima ni zaidi ya saa 4 bila kuhesabu mapumziko.

Ya pili ni Muheza hadi Amani. Unaanza taratibu, kwenye nchi ya machungwa, kisha baada ya geti la Zigi njia inaingia msituni na kuwa mwinuko mkali. Huko ni mawe, mizizi, vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua, na Amani hainyimwi mvua. Kimo chake ni cha chini kuliko Lushoto, kama mita 900 hivi, lakini mwinuko wa mwisho ni mkali na tairi haishiki kama kwenye lami. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti huko mwaka 1902, na tangu 1997 msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia, kwa hiyo kuna kiingilio. Uliza pia hali ya njia kabla ya kupanga, maana hubadilika kwa mvua na kwa matengenezo.

Kwa kifupi, Lushoto inapima uvumilivu, Amani inapima nguvu za ghafla na ustadi wa kuimudu baiskeli. Mwenye goti bovu na mwenye kifundo cha mkono kibovu hawatauona ugumu mahali pamoja.

## Tutalinganisha kwa vigezo gani

Nimechagua vitano, na cha kwanza nakipa uzito kuliko vingine vyote.

Kiungo kilichoumia kinabeba mzigo gani, na nani anaupima mzigo huo, wewe au njia? Hapa ndipo wengi wanapojitonesha. Baada ya kuumia, pumzi hurudi mapema. Wiki chache za kunyonga na unajihisi mzima. Misuli inafuata. Kano, zile kamba zinazoshika misuli kwenye mifupa, ndizo za mwisho, kwa sababu damu inayozifikia ni kidogo. Mtulinga wa mtu mzima huchukua kama wiki 6 hadi 12 kuunga, na kile kimfupa cha kifundo cha mkono upande wa kidole gumba kinaweza kupita miezi mitatu. Kwa hiyo kuna kipindi kirefu ambacho moyo unasema "twende" na goti bado halijajibu. Njia nzuri ya kujiandaa ni ile inayokulinda katika kipindi hicho.

Vinavyobaki: mazoezi yanafanana kiasi gani na mlima wenyewe, hatari ya kuanguka tena, mfuko na ratiba, na mwisho, utajuaje kama unasonga mbele au unajidanganya.

Jambo moja linahusu njia zote tatu. Wataalamu wengi wa fiziotherapia hutumia kanuni ya maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10: yakibaki 3 au chini wakati wa zoezi, na kesho yake asubuhi yakawa yametulia, endelea. Yakizidi hapo, au kiungo kikivimba, punguza. Ukiwa bado unatembelea dawa za kutuliza maumivu, kipimo hicho hakifanyi kazi, kwa sababu aliyezimwa ndiye shahidi wako.

## Njia ya kwanza: tambarare na upepo wa pwani

Kiungo. Uzuri wa ardhi iliyolala ni kwamba mzigo unaupanga wewe. Weka gia nyepesi, zungusha pedeli mara 80 hadi 90 kwa dakika, na goti litapata mzunguko mwingi bila kusukuma kwa nguvu. Likilalamika, unateremsha gia nyingine au unageuza kurudi nyumbani. Hakuna bonde wala kona ya kukulazimisha. Kwa goti na nyonga hii ni faida kubwa. Kwa mgongo, shingo na mikono si kubwa kiasi hicho: kwenye tambarare unakaa mkao uleule kwa muda mrefu, huinuki, huteremki, na kifundo cha mkono kinapokea kila shimo. Mwenye mkono uliotoka kwenye hogo aanze na lami, aache kwanza barabara za vumbi.

Kufanana na mlima. Hapa watu wa Tanga tuna bahati tusiyoitumia. Hatuna vilima, lakini tuna kusi na kaskazi. Kusi likishika, takriban Aprili hadi Septemba, barabara ya kuelekea Pangani inakuwa mlima usioonekana: nenda mpaka Tongoni, chini ya kilomita 20, uso kwa uso na upepo, na hutapata hata mita moja ya kuacha kunyonga. Kaskazi likirudi mwisho wa mwaka, geuza kuelekea Amboni na barabara ya Horohoro. Upepo wa mbele unafundisha kitu kilekile ambacho mlima unataka, yaani kusukuma kwa utulivu bila kupumzika na bila kukasirika. Na kurudi nyumbani unasukumwa, jambo linalomfaa mtu anayeuguza kiungo.

Ila usiamini kwamba umemaliza. Upepo unakupoza, mlimani unatambaa kilomita 6 kwa saa na joto lote linabaki mwilini. Mlimani pia gurudumu la mbele linakuwa jepesi, uzito unahamia nyuma, na mgongo wa chini unafanya kazi ambayo tambarare haiijui.

Kuanguka. Hatari yako haitoki kwenye njia, inatoka kwa wenzako wa barabarani: bodaboda zinazokatiza, bajaji zinazosimama bila ishara, malori ya simenti upande wa Pongwe. Toka alfajiri, rudi kabla jua halijawa kali. Njia za ndani ya mashamba ya mkonge ni tulivu na ni nzuri kwa matairi mapana, mradi umeomba ruhusa kwa wenye shamba na una tyubu ya akiba. Ile miiba ya ncha za mkonge haina utani.

Mfuko na ratiba. Karibu bure. Unahitaji fundi wako wa kila siku na maji.

Kipimo. Dhaifu, na sababu ni upepo huohuo. Leo umekwenda Tongoni kwa saa moja, wiki ijayo dakika 50, ukajipongeza, kumbe kusi lilikuwa limelala. Bora upime kwa maneno: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, uko kwenye mwendo wa kujenga, ukiweza maneno mawili tu, umevuka. Kwa miezi ya kwanza baada ya jeraha, sehemu kubwa ya safari zako iwe ya sentensi nzima.

## Njia ya pili: nyumbani au jimu

Najua, hakuna aliyenunua baiskeli ili akae ndani akipanda na kushuka kidaraja cha ngazi. Lakini hii ndiyo njia pekee inayofichua siri moja ya baiskeli: pedeli mbili zinashirikiana, kwa hiyo mguu mzima unaweza kumbeba mgonjwa kwa miezi bila wewe kujua. Unanyonga vizuri, unajiona umepona, na paja la mguu ulioumia bado ni jembamba kuliko la pili. Mwinuko ukija, mguu mzima unachoka, na ule mgonjwa unaitwa kazini bila maandalizi.

Kiungo. Mzigo unaupima wewe kwa kilo na kwa idadi, upande mmoja mmoja. Kwa goti: panda na kushuka kidaraja cha sentimita 15 hadi 20 kwa mguu mmoja, ukishuka polepole, egemea ukuta na kuchuchumaa nusu, ushikilie, inua visigino, lala chali na kuinua nyonga. Ukishaona rahisi, shika ndoo yenye maji. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, huhitaji kununua vyuma. Kwa bega na mtulinga ulioruhusiwa na daktari: kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe ukanda mrefu, ifunge kwenye nguzo ya dirisha, vuta kuelekea kifuani. Mara mbili au tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati, kwa sababu kano hujengeka wakati wa kupumzika.

Kukandwa kuna raha yake, na wazee wetu wanaojua kukanda wapo. Lakini mfupa ambao haujaunga haukandwi, na goti lililovimba halilazimishwi kukunjwa. Picha ya eksirei kwanza, na ukipata nafasi ya kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, hospitali ya Bombo au kwingineko, mwambie wazi kwamba lengo lako ni kupanda mlima kwa baiskeli. Mazoezi ya mtu anayetaka kutembea hadi sokoni na ya mtu anayetaka kunyonga saa nne hayafanani.

Kufanana na mlima. Hafifu, hatufichi. Baiskeli ya jimu haiyumbi, haitelezi, haikuombi uchague upande wa kupita kati ya mawe mawili. Kitu kimoja tu inakiiga vizuri: ukaze, unyonge mizunguko 60 hadi 70 kwa dakika kwa dakika 10, upumzike 5, urudie. Hapo ndipo utajua goti linasema nini kuhusu mlima, ukiwa mita moja kutoka kwenye kiti na feni.

Kuanguka. Hakuna, labda ndoo imwagike sebuleni.

Mfuko na ratiba. Nyumbani ni bure. Jimu ina ada ya mwezi na nauli. Ziara za hospitali zinategemea bima yako. Kwa muda, nusu saa inatosha, jambo linalomwokoa mtu mwenye kazi na watoto. Gharama halisi ya njia hii ni uchovu wa moyo. Watu hawaiachi kwa sababu ni ngumu, huiacha kwa sababu haina upepo wala salamu za njiani.

Kipimo. Hapa haina mpinzani. Hesabu mguu wa kulia umepanda kidaraja mara ngapi kabla ya kuchoka, na wa kushoto mara ngapi. Namba mbili hizo zikikaribiana, una ushahidi. Zikiachana kwa theluthi, tarehe ya kwenda Mombo isogezwe, hata kama pumzi iko tele.

## Njia ya tatu: mlimani mapema, kwa vipande

Wanaoipenda njia hii wana hoja. Mwili hujifunza kile unachoufanyisha, na hakuna upepo wala kidaraja kitakachokufundisha kuanza kunyonga tena ukiwa umesimama kwenye mwinuko wa kokoto. Tatizo ni kwamba watu huifanya kama ule msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo: wanafika asubuhi, wanataka Lushoto saa sita mchana na basi la kurudi jioni.

Kiungo. Tofauti na njia mbili za kwanza, hapa mzigo anaupanga mlima. Silaha yako pekee ni gia, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo.

Chukua baiskeli ya gia ya kawaida, magurudumu ya inchi 26. Ikiwa gia ndogo ya mbele ina meno 22 na kubwa ya nyuma meno 34, kila mzunguko wa pedeli unakusogeza kama mita 1.3. Ukizungusha mara 75 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 6 kwa saa, mwendo wa kutambaa lakini goti limetulia. Sasa chukua baiskeli ambayo gia yake ndogo ya mbele ina meno 32, nyuma 34 hizohizo. Kila mzunguko ni karibu mita 2. Ili uende kilomita 6 zilezile unazungusha mara 50 tu, na kila mara unasukuma kwa nguvu karibu nusu zaidi. Kilomita 33 za hivyo ni mizunguko inayokaribia 17,000. Kwa goti zima si neno. Kwa goti lenye maumivu ya mbele, chini ya pia ya goti, ni kujitakia.

Basi kabla ya kulaumu mguu, hesabu meno. Mara nyingi kubadili gia za nyuma au ile ndogo ya mbele kwa fundi kunagharimu chini ya safari mbili za hospitali.

Kwa mwenye bega, mtulinga au kifundo, kupanda si tatizo kubwa kama kushuka. Ukipanda umekaa, mikono inapumzika. Ukishuka, unashika breki kwa dakika nyingi mfululizo, uzito unaangukia viganja, na kwenye mawe ya Amani kila mtikisiko unafika begani. Dawa ni rahisi na haina aibu: panda kwa baiskeli, shuka kwa gari. Kwa Lushoto magari ya kushuka Mombo yapo mengi. Kwa Amani ni machache, kwa hiyo panga kabla.

Kufanana na mlima. Ndio wenyewe. Unajifunza mambo ambayo hayaandikiki: kusogea mbele kwenye ncha ya siti gurudumu la mbele linapotaka kunyanyuka, kupita nje ya kona ambako mwinuko ni mpole zaidi pale tu unapoona hakuna gari, kuvaa koti kabla ya kuanza kushuka. Kimo cha Lushoto hakikupi ugonjwa wa milimani, lakini jasho la kupanda likikutana na baridi ya Juni hadi Agosti utatetemeka mpaka vidole vishindwe kushika breki.

Kuanguka. Kubwa kuliko zote. Wengi huanguka karibu wamesimama, pale mguu unapokosa kuzungusha na pedeli inakwama. Na anayeanguka hivyo hutanguliza mkono, uleule ulioumia. Kushuka kwa kona za Soni nako kuna malori na mabasi yanayokata ndani.

Mfuko na ratiba. Nauli kutoka stendi ya Kange, malipo ya kupakia baiskeli kwenye buti, chakula, na ikibidi kulala. Wikiendi nzima inaondoka. Mtu wa Muheza au Korogwe ana ahueni hapa kuliko mtu wa Chumbageni.

Kipimo. Kizuri na cha hatari kwa pamoja. Ni kizuri kwa sababu kona haibadiliki: safari iliyopita ulisimama hapa, leo umepita. Hatari ni kwamba ukiwa mita 200 chini ya Soni hakuna anayesikiliza goti lake.

Kama unaichagua, vipande vyenyewe viwe hivi. Kwa Lushoto, panda na gari hadi Soni, uanzie hapo kwenda Lushoto, kile kipande cha huruma. Ukikimaliza na kesho yake asubuhi kiungo kimetulia, safari inayofuata anzia Mombo upande kilomita chache na kugeuza ukiwa bado na nguvu. Kuunganisha vyote viwili kuje mwisho. Kwa Amani, nyonga kutoka Muheza hadi miguuni pa mlima na kurudi, mpaka umbali huo usiwe habari, ndipo uguse kipande cha juu ya geti.

## Jambo linalosahaulika katika njia zote: siti

Siti ya chini ndiyo desturi yetu, ili miguu yote miwili ifike chini ukisimama. Kwa mjini sawa. Kwa mlima, inalazimisha goti lifanye kazi likiwa limekunjwa sana, na maumivu ya mbele ya goti huanzia hapo. Kaa juu ya baiskeli, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke kabisa bila nyonga kuyumba. Ukirudi kunyonga kwa mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo tu. Maumivu yakiwa nyuma ya goti, huenda umeizidisha, ishushe kidogo. Marekebisho haya ni ya dakika mbili na spana moja, na yafanywe kabla ya kuchagua njia yoyote kati ya hizi tatu.

## Uchague ipi, kwa hali yako

Goti au nyonga ndiyo iliyokusumbua: anza ndani, na tambarare ya gia nyepesi ikiambatana nayo mapema. Usiende mlimani mpaka hesabu za miguu miwili zikaribiane na meno ya gia yakuruhusu kuzungusha 60 au zaidi kwenye mwinuko. Lenga Lushoto kabla ya Amani.

Mtulinga, bega au kiwiko: baada ya daktari kuridhika kwamba mfupa umeunga, miguu yako haina ugonjwa, kwa hiyo baiskeli ya jimu na lami ya alfajiri vinatosha kulinda pumzi wakati bega linajengwa kwa tyubu. Mlimani unaweza kwenda mapema kuliko mwenye goti, kwa sharti la kushuka na gari. Amani isubiri.

Kifundo cha mkono: jaribu kwanza kushika breki kwa nguvu ukiwa umesimama nyumbani, dakika moja, mkono ulioumia peke yake. Ukishindwa, barabara yoyote yenye magari bado si yako, hata iwe tambarare, hata iwe ya kwenda dukani tu.

Mgongo wa chini: tambarare ndefu si rafiki. Safari fupi nyingi ni bora kuliko moja ndefu, pamoja na mazoezi ya nyonga na tumbo ndani. Vipande vifupi vya mlima vinaweza kukufaa mapema kuliko unavyodhani, kwa kuwa unasimama na kupumzika mara kwa mara, ilimradi gia ni nyepesi.

Kiungo kimepona ila woga umebaki, hasa kwa aliyeanguka kwenye mteremko: mazoezi ya ndani hayatakutibu, yatakupa tu sababu ya kuahirisha. Nenda mlimani na mtu unayemwamini, mshuke mwinuko mdogo mara kadhaa, kwa mwendo wa kusukuma baiskeli kwa mguu kwanza, kisha breki zote mbili.

Rafiki zako wameshapanga tarehe na imebaki chini ya wiki sita: huwezi kufupisha muda wa kano. Waambie utaungana nao Soni. Watapanda kutoka Mombo, wewe utanyonga nao kipande cha mwisho, mtaingia Lushoto pamoja.

Hali ya mfuko ni ngumu na safari za basi hazimo kwenye bajeti: ndoo, kidaraja, tyubu kuukuu na kusi vinaweza kukufikisha mbali, nauli ukaitunza kwa safari mbili tu, moja ya kujaribu Soni hadi Lushoto na moja ya safari yenyewe.

Na kama hii ni mara ya pili au ya tatu unarudi na kiungo kilekile kinakurudisha nyuma mahali palepale, acha kubadilisha njia za mazoezi kwa sasa. Rudi hospitali na daftari lenye tarehe, umbali uliokwenda, gia uliyotumia na maumivu ya asubuhi iliyofuata. Daktari akiona kwamba goti huvimba kila unapopita saa moja ya kusukuma, ana pa kuanzia. Akiambiwa tu "linauma nikipanda mlima", atakwambia usipande.